Mama Bloku na Mapafu ya Mdogo Wangu

Ukimpa Mama Bloku habari yoyote, hata ya harusi, hakukutazama machoni. Alikutazama shingoni, kwenye kile kibonde kidogo kilicho juu ya kifua, kuona kama pumzi yako inapita yenyewe au inasukumwa. Mara ya kwanza nilidhani anakagua mkufu wangu. Baada ya kuishi naye ukuta kwa ukuta miaka tisa pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nilijikuta na mimi nawatazama watu hivyo, kanisani, bombani, hata kwenye foleni ya mgao.

Jina lake la kubatizwa walilijua wachache. Kwetu Bukavu chumba cha upasuaji tunakiita bloku, na yeye alifanya kazi humo miaka mingi, akiwapa madaktari vifaa mkononi na kuilinda meza yao isichafuke. Huku Malawi hakupata ruhusa ya kufanya kazi ile. Aliuza sabuni za vipande na chumvi ya kupima kwenye meza ndogo mbele ya mlango wake, na meza hiyo aliifuta kwa maji ya moto kila asubuhi kana kwamba kuna mgonjwa atakayelazwa juu yake.

Naandika habari zake kwa sababu ya mdogo wangu, Mapendo. Mapendo yuko Kanada, na ndani ya kifua chake kuna mapafu mawili yaliyokuwa ya mtu mwingine. Yalikuwepo majuma ambayo tulikaribia kuyapoteza mapafu hayo, na Mapendo pamoja nayo, na tulikaribia kuyapoteza kwa sababu ya adabu tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyesikia kwamba kuna jambo ni Mama Bloku, akiwa mbali hivyo, kupitia spika ya simu yenye kioo kilichopasuka.

Alikuwa mtu wa kuhesabu. Katika bloku, alinieleza, kabla ya kumfungua mgonjwa unahesabu kila kitambaa na kila sindano, na kabla ya kumfunga unahesabu tena. Hesabu zisipolingana, hafungwi. Tabia hiyo ilimfuata mpaka Dzaleka. Alihesabu vijiko baada ya chakula. Alihesabu watoto wangu walipotoka kwenda shule na waliporudi, na jirani mmoja wa Uvira alikuwa akimtania: "Mama Bloku, leo batoto banne, ao umesahau mumoja mu tumbo la muntu?" Yeye hakucheka. "Cheka tu. Siku utapasuliwa, utaniomba nikuhesabie."

Mimi ni fundi wa nguo na ninafundisha wasichana kushona. Siku moja tulikuwa tunamaliza kanzu za kwaya, sindano ya cherehani ikakatika. Tukaiona nusu moja. Nikaweka sindano mpya, nikaendelea. Kumbe Mama Bloku alikuwa ameusikia ule mlio akiwa kwenye meza yake.

"Ile nusu ingine iko wapi?"

"Imeanguka chini, Mama."

"Uliiona ikianguka?"

"Hapana."

"Basi haijaanguka."

Akaingia ndani, akatoka na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaanza kuipitisha juu ya kanzu moja baada ya nyingine. Wasichana walikuwa na haraka, wanapeana macho. Akaipata nusu ile ndani ya kola, mahali ambapo ingekaa juu ya mshipa wa shingo wa mwimbaji wetu. Hakusema neno la kujisifu. Aliketi kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa. Ndipo akaniambia, mara hiyo moja tu, kwamba kule Bukavu siku moja hesabu ilipungua kitambaa kimoja, na daktari mkuu akasema tufunge, ni makosa ya kuhesabu. "Nilikuwa nimeshika uzi mu mukono. Nikakataa kumupa. Alinitukana mbele ya bantu bote. Nikakataa." Kitambaa kilikuwa nyuma ya ini.

Usidhani, kwa maneno haya, kwamba alikuwa mtu wa chuma. Mwanamke huyu aliyeshinda miaka kwenye damu hakuweza kuchinja kuku. Alimwita kijana wa jirani amchinjie, naye mwenyewe akaingia ndani akaziba masikio. Aliyefuta meza kwa maji ya moto alifuga bata ambaye alilala chini ya kitanda chake, na ukimuuliza, alikujibu kwamba bata hana mikrobi za bantu. Aliyewataka watu wote waseme kweli, umri wake mwenyewe aliutaja kila mwaka ule ule. "Hamsini na munane," alisema, mwaka baada ya mwaka, bila kupepesa.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni namna watu wetu wanavyomjibu daktari. Nadhani msomaji wa kwetu atanielewa haraka. Sisi tukiulizwa habari, tunajibu nzuri. Mtoto amelazwa, nyumba imeungua, bado tunaanza na nzuri, tunamshukuru Mungu, halafu ndipo tunashuka polepole kwenye shida yenyewe. Wenyeji wetu wa Malawi ni vilevile: ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo, na unamrudishia mwenzako salamu. Hiyo ni adabu nzuri na siwezi kuidharau. Shida ni kwamba daktari wa zahanati ana watu wengi nje, na ukimpa ile nzuri ya kwanza, wakati mwingine hasubiri ya pili.

Mzee mmoja wa Fizi alitoka zahanati akiwa na vidonge vya maumivu peke yake, na maji yamejaa miguuni mpaka viatu haviingii. Mama Bloku alimsimamisha njiani.

"Baba, ulimuambia nini?"

"Aliniuliza habari, muli bwanji. Nikamwambia nzuri, ndili bwino, zikomo."

"Miguu ulimuonyesha?"

"Hakuuliza miguu, mama. Nitavua viatu mbele ya muntu wa watu?"

"Ulimuambia uko bien, uko muzima? Basi enda nyumbani na bien yako, ulale nayo!" Kisha akamshika mkono mzee wa watu, akamrudisha mpaka mlangoni, akamvua viatu kwa mikono yake mwenyewe mbele ya foleni nzima.

Tangu hapo akawa na desturi ya kukaa kwenye benchi la zahanati siku za foleni ndefu na kuwafanyisha watu mazoezi. Alijifanya yeye ni daktari. Aliuliza, "Habari?" na mtu akijibu nzuri, anapigwa kofi dogo la paja. "Dokta usimupatie salamu. Umupatie ugonjwa. Salamu utamupatia siku umepona." Watu walicheka, walirudia, walijaribu tena. Nilimwona mama mmoja akirudia mara tano kabla hajaweza kusema kwa sauti mahali hasa panapouma.

Sasa nieleze habari ya mapafu, na nitaieleza taratibu kwa sababu na mimi nilielezwa taratibu.

Mapendo alipata ugonjwa unaokausha mapafu. Pafu zima ni kama sifongo laini. Lake lilikuwa linageuka gumu, mwaka hadi mwaka, mpaka kupanda ngazi tatu kukawa safari. Madaktari wa kule wakamwandika kwenye orodha, akasubiri, na siku moja akaitwa: kuna mtu amefariki na familia yake imekubali. Wakatoa mapafu mawili ya Mapendo wakaweka ya marehemu yule. Nilimwuliza Mama Bloku inawezekanaje, akalivuta gauni nililokuwa nashona. "Unaona hii mukono? Tuseme unapachika mukono mupya ku nguo, lakini mwenye nguo bado ameivaa, na akiivua hata dakika moja anakufa. Njo vile. Banashona mirija ya hewa, banashona mishipa ya damu. Na ukimaliza, mwili unasema: hii kitambaa si yangu. Kwa hiyo anakunywa dawa za kuutuliza mwili, maisha yote. Na mwili wenye umetulizwa haupigani na homa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili baada ya hapo Mapendo alituma ushuhuda kwa sauti, nasi tukauchezesha kanisani kwenye spika kubwa. "Bandugu, Bwana asifiwe! Niliingia mu bloku nikiwa maiti, nikatoka nikiwa mwimbaji! Sina ugonjwa tena! Sina! Sina hata kidogo!" Kanisa likalipuka. Tulicheza mpaka vumbi likatoka kwenye sakafu. Mama Bloku alicheza mbele kabisa, leso juu.

Tulipotoka nje, jasho bado linamtiririka, akanishika kiwiko.

"Mama Asifiwe, niwekee tena ile sauti."

Nikamwekea. Akaiweka simu sikioni, akafumba macho.

"Alirekodi akikaa ao akilala?"

"Sijui, Mama. Inahusu nini?"

"Anakata maneno mu mahali hakuna nukta. Muulize."

Sikumwuliza. Nilijiambia kwamba mzee huyu amezoea kutafuta kitambaa kilichopotea hata pasipo na kitambaa. Na kuna jambo baya zaidi ambalo ni lazima niliseme: juma moja kabla ya hapo Mapendo alikuwa ameniambia kwamba kifua kinambana akilala, nami nilimjibu, "Ni upasuaji huo, vumilia. Usiwachoshe waganga waliokutendea mema." Niliona ninampa moyo.

Kuanzia siku ile kila ujumbe wa Mapendo ulisikilizwa mara mbili. Mara moja na mimi kwa ajili ya habari, na mara moja na Mama Bloku kwa ajili ya pumzi. Aliponyosha vidole alikuwa anahesabu maneno. Mchana, Mapendo alisema maneno kumi, kumi na mawili, kabla ya kuvuta hewa. Katika jumbe nyingine, ambazo ilisikika shuka ikichakacha, manne. Matatu. Na Mapendo mwenyewe anasema niko bien, yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, niko bien kabisa. Nilianza kuogopa mlio wa simu yangu.

Jumamosi moja, mchana wa kwetu na asubuhi ya kwao, nilimpigia. Mama Bloku aliketi karibu na magoti yangu, bata wake ananipitia miguuni.

"Mapendo, unalalaka na mito ngapi?"

"Yaya, swali gani hiyo?"

"Si yangu. Ni ya Mama Bloku."

Akasema, polepole, "Silali na mito. Ninalala mu kiti."

"Tangu lini?"

"Tangu nilitoka hospitali. Nikijaribu kulala chali ni kama muntu amenikalia."

"Na dokta anajua?"

"Aliona ku picha. Alisema kiwambo cha upande wa kuume kimepanda. Akaniuliza kama ninakosa pumzi." Akavuta hewa. "Nikamwambia niko muzima."

"Mapendo! Juu ya nini?"

"Yaya, mwenye anatutafsiria kule hospitali ni shemasi wa kanisa yetu ya hapa. Njo yeye alinishika mukono siku nilitoa ushuhuda. Sasa nimuambie amuambie dokta nini? Kama nilimusingizia Mungu? Na ile familia yenye mutoto wao alikufa nikapata mapafu yake, nianze kulalamika?"

Nilimtazama Mama Bloku. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekunja mikono tumboni kama mtu anayesikia baridi.

Tulipokata simu alichukua kitenge changu, akanipa ncha mbili nizishike, akakivuta kikakaza. "Hii njo kiwambo," akasema. Ni msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, kati ya kifua na tumbo. Unapovuta pumzi msuli huu unashuka na pafu linapata nafasi. Unaamrishwa na neva, uzi mwembamba sana unaotoka shingoni na kupita ubavuni mwa moyo, mahali pale pale ambapo madaktari wanapitisha mikono wakibadilisha mapafu. Uzi huo ukivutwa, au ukigandishwa na barafu wanayotumia kulinda pafu jipya, unaweza kulala. Mara nyingi unaamka wenyewe baada ya miezi. Mara chache hauamki. Hapo msuli unalegea. Akanitaka niachie ncha moja, na kitenge kikabonyea na kupanda kuelekea mkono wake. "Sasa mutu akilala, tumbo linapanda, linakalia pafu. Chini ya pafu hakufunguki. Makohozi yanakaa. Na homa ikija, mwili umetulizwa, hauna wa kupigana."

"Unajua ni hiyo, Mama?"

"Sijui. Bukavu hatukuwa na mambo ya kubadilisha mapafu. Niliona kiwambo kilicholala kwa muntu wa risasi, basi. Mi niko hapa na chumvi yangu. Dokta wake njo anaweza kujua. Alisubiri juu alisikia hakuna shida. Yeye hana makosa. Aliuliza."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Angeweza kumlaumu daktari wa mbali, ni rahisi, wengi wetu tungefanya hivyo. Angeweza kunilaumu mimi, nami nilikuwa nimeshamkiria yale niliyomwambia Mapendo kuhusu kuvumilia. Alisema tu, "Sasa tunafungua mshono. Tunahesabu upya."

Mapendo alikataa. Tulimpigia mara ya pili, ya tatu. Alisema anangoja neva iamke yenyewe. Alisema Mungu hawezi kuaibishwa kwa ajili ya usingizi. Sauti yake ilikuwa inapungua, na kikohozi kidogo kilikuwa kimeanza. Mama Bloku akavaa kitenge chake cha kanisani, ilikuwa Jumanne, akaniambia nimfuate kwa mchungaji.

Mchungaji wetu ni mtu mwema, mrefu, anayependa suti. Alitupokea amevaa koti, akatusikiliza, akakuna kidevu.

"Mama, ni jambo nzito. Kanisa lilisikia ushuhuda. Batu balilia. Sasa tukisema amerudia kuwa mgonjwa, balio wapya mu imani batasema nini?"

"Pasta, hii koti ulishonewa na nani?"

"Na Mama Asifiwe huyu."

"Ulishairudisha kwake mara ngapi?"

Mchungaji akatabasamu. "Mara mbili. Bega. Halafu ikabana hapa tumboni."

"Na ulisimama mu kanisa ukasema Mama Asifiwe si fundi? Ukasema hii haikuwa koti?"

"Hapana, mama. Ilikuwa retushi tu, kurekebisha kidogo."

"Basi mutoto anahitaji retushi, na anaogopa kuirudisha kwa fundi juu yako. Anakufa akikaa mu kiti juu yako, pasta." Sauti yake ilipasuka kwenye neno lile la mwisho. Sikuwahi kumsikia hivyo. Mchungaji naye alivua miwani, akaomba simu yangu, akarekodi papo hapo. Hakuhubiri. Alisema: "Mwanangu Mapendo, ushuhuda wako uko palepale, hakuna mutu aliugusa. Sasa enda umuambie dokta yote. Kama shemasi anashindwa kutafsiri, aniite mimi."

Ujumbe ulimfikia siku ile ile aliyopata homa. Alikwenda hospitali akiwa na shemasi pembeni, na akasema yote, kiti, mito, shuka, kikohozi. Shemasi alitafsiri neno kwa neno. Baadaye alikwenda kwenye korido akalia, na alimwambia mume wa Mapendo kwamba kwa majuma mengi alikuwa amemwona akitweta baada ya nyimbo, lakini aliona haya kumwuliza mtu aliyeponywa.

Sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa imeshaanza kuugua. Wakaitibu kwanza. Halafu wakamsimamisha kwenye mashine ya picha inayoonyesha viungo vya ndani vikijongea, wakamwambia anuse kwa nguvu, kama mtu anayenusa mchuzi. Upande wa kushoto wa kiwambo ukashuka. Upande wa kulia ukapanda. Daktari akasema ni jambo la nadra kukaa hivyo muda wote huu, na kwamba dawa yake ni kuingia tena ubavuni na kuukunja msuli uliolegea, kunja juu ya kunja, na kuushona ubaki chini. Nilipomweleza Mama Bloku alinitazama kwa furaha kidogo, ya kitaaluma. "Kumbe banapiga pli. Kama marinda ya jupe." Kisha furaha ikatoweka. Kumfungua tena kifua mtu mwenye mwili uliotulizwa, alijua kuliko mimi maana yake.

Siku ya upasuaji ilipofika alikuwa amekwisha kuhama Dzaleka. Mpwa wake alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba sokoni Kawale, mjini, akamchukua akae naye huku karatasi zake za kumfuata mwanawe Zambia zikishughulikiwa. Bata aliniachia mimi. Upasuaji wa Mapendo ulifanyika siku ya Jumatano. Jioni yetu mume wake aliandika neno moja, "Wamemaliza," kisha kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa asubuhi sikuweza kushona mstari ulionyooka. Nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabara kuu, nikapata basi dogo kupitia Lumbadzi na Kanengo, simu mkononi njia nzima, mpaka kondakta akanitania kwamba, amayi, huyo unayemsubiri lazima ni tajiri.

Nilimkuta Mama Bloku nyuma ya kibanda, amekaa juu ya robota la nguo. Amekonda. Alinitazama shingoni kwanza.

"Umekimbia," akasema. "Kaa."

Alinipa nsima, ugali wa huku, na mboga, hakuna aliyekula. Alikuwa akikunja nguo za watoto, anazikunjua, anazikunja tena. Mara moja akasema, bila kuniangalia, "Kama hatapona, nitakuwa nimemusukuma mimi." Nikamwambia hapana, Mama, bila wewe angekufa kwenye kiti. Nilimaanisha kila neno, lakini niliona halikumfikia. Ni mtu aliyewatoa wengi hatarini na bado kila mara anasubiri kuambiwa kwamba kuna mmoja amebaki ndani.

Saa nane na kitu simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Mapendo, mrefu. Mama Bloku akaichukua simu, akabonyeza mwenyewe, akaiweka katikati yetu juu ya robota.

"Yaya." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamka. "Yaya, huu ubavu unauma, usinidanganye na vumilia zako. Unauma kama ng'ombe alinipiga teke. Kuko mupira umepita mu mbavu, unanikwaruza nikigeuka. Nesi wa asubuhi ni muzuri, wa mchana ananidunga bila kuniambia, nilimulaumu mbele ya dokta. Chakula haina chumvi. Supu gani ile? Ni maji ya kunawa. Jirani wa kitanda anawasha televisheni tangu kunakucha. Banilaza chali saa tatu nzima banipime, nikaboeka, nikabaambia banipatie hata gazeti. Na miguu iko baridi, nimeomba soksi mara tatu, mara tatu, yaya, nimemuambia shemasi atafsiri kwa nguvu—"

Mama Bloku alikuwa ameziba mdomo kwa soksi ya mtoto aliyokuwa akiikunja. Mabega yalikuwa yanaruka. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka, na mpwa wake akachungulia kutoka kibandani kuuliza kumetokea nini.

"Analalamika," Mama Bloku akasema. "Sikia vile analalamika!"

Simu ikanyamaza. Nikanyosha mkono kuichukua nimjibu, na Mama Bloku akanipiga kofi dogo la kiganja.

"Subiri. Hajamaliza. Anavuta pumzi tu."

Na kweli, Mapendo akavuta pumzi, ndefu, akaanza habari ya chai.